Pochi ya bitcoin: nani alishaangalia ndani ya mashine?

Kwenye soko la Musompo, nje ya mji wa Kolwezi, mchimbaji analeta mifuko yake ya minere kwenye depo. Mnunuzi anapima kilo, kiisha anakamata kamashine kadogo kenye watu wote wanaita Metorex. Kanatuma miale ya X ndani ya jiwe, na kisha sekunde chache kanaonyesha shaba ao kobalti iko ngapi kwa mia. Ile namba ndiyo inaamua bei. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 iliandika kama wachimbaji hawaamini zile mashine, lakini hawana njia ingine. Mashine ni ya mnunuzi, na mchimbaji hawezi kujua imepangwa namna gani.

Swali hilo hilo linamngojea mtu anayetaka kuchunga bitcoin kwenye kifaa kidogo kinachoitwa pochi. Na bitcoin si mambo ya mbali tena: kule Kivu ya Kaskazini, mbuga ya Virunga ilianza kuizalisha mwaka 2020 pale Luviro, kwa umeme wa maji.

Pochi inafanya kazi gani

Ukiwa na M-Pesa ao Airtel Money, makuta iko kwa kampuni. Ukisahau namba ya siri, unaenda kwenye ofisi na kitambulisho, wanakusaidia. Bitcoin haina ofisi. Iko na ufunguo wa siri tu, na mwenye ufunguo ndiye mwenye makuta. Ukiuacha ndani ya telefone, programu mbaya inaweza kuuiba. Ndiyo maana watu wananunua pochi, kifaa sawa na ufunguo wa USB, chenye kuchunga ule ufunguo na kutia sahihi bila kuutoa nje.

Siku ya kwanza pochi inakuonyesha maneno 12 ao 24, yaliyochaguliwa kwa bahati kutoka orodha ya maneno 2048. Orodha rasmi iko kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha zingine chache. Ya Kiswahili haiko. Unaandika hayo maneno kwenye karatasi. Pochi ikiharibika, unayaingiza kwenye ingine na makuta yako inarudi. Mwizi akiyapata, naye anafanya vile vile, bila kukugusa.

Kazi yote hiyo inafanywa na programu iliyo ndani ya kifaa. Ni hiyo inachagua maneno. Kama iliandikwa kwa ubaya, inaweza kukupa maneno ambayo mtu mwingine anayajua tayari, na kwa macho hautaona tofauti.

Walioonyesha na waliofunga

Trezor, ya kampuni SatoshiLabs ya Prague, ilianza kuuzwa mwaka 2014, na maandishi ya programu yake yamewekwa wazi. Fundi yeyote anaweza kuyasoma, kuijenga programu mwenyewe, na kulinganisha kama inafanana na ile kampuni inatoa. Si wengi wanaofanya hivyo, lakini wachache wakiwako inatosha kumtia mwizi woga.

Ledger ya Ufaransa ilichagua njia ingine: chipu ya usalama sawa na ile ya kadi ya benki, na sehemu ya programu imefungwa, kwa sababu watengenezaji wa chipu wanadai siri. Wateja walikubali. Lakini Mei 2023 kampuni ilitangaza huduma ya kulipia, Ledger Recover, inayogawa ufunguo wa mteja vipande 3 na kuvituma kwa kampuni 3. Ni kwa mwenye kutaka tu, lakini watu walikasirika sana. Walikuwa wakiamini kama ufunguo hauwezi kutoka mule hata kidogo, na hawakuwa na namna ya kuhakikisha. Ledger ilichelewesha huduma, ikaahidi kufungua sehemu zaidi ya programu yake.

Lakini kuwa wazi hakumalizi yote. Januari 2020, wataalamu wa Kraken walionyesha kama mtu akishika pochi ya Trezor kwa mkono dakika 15, anaweza kutoa siri yake. Trezor ilingoja mpaka 2023 kuweka chipu ya usalama, kwenye Trezor Safe 3.

Hatari kubwa kwa mnunuzi wa Kolwezi ni ingine. Mwaka 2023 kampuni Kaspersky ilieleza habari ya mtu aliyepoteza bitcoin 1.33 wakati pochi yake ilikuwa imefungiwa, haikuunganishwa na kitu chochote. Ilikuwa Trezor Model T ya bandia, iliyonunuliwa kwa muuzaji aliyeonekana mwaminifu. Wezi walibadilisha chipu ndani na kuweka programu yao. Badala ya kuchagua maneno kwa bahati, ilikuwa inatoa moja kati ya mafungu 20 waliyoyatayarisha mbele. Kwa nje kila kitu kilifanana. Ila namba ya programu ya kuwashia, 2.0.4, haikuwa ya kweli: kwenye maandishi yake ya wazi Trezor ilikuwa imeandika kama iliiruka hiyo namba juu ya pochi za bandia. Aliyesoma angegundua.

Basi pochi iliyotoka Dubai ao Guangzhou ikapita mikono mitano mpaka Kolwezi, hata programu yake ikiwa wazi namna gani, inaomba kuangaliwa. Ile inayokuja na maneno yamekwisha kuandikwa kwenye karatasi ni ya kurudisha palepale. Mwenye kuyaandika anangoja uweke makuta. Linganisha namba ya programu na ile iliyo kwenye mtandao wa kampuni yenyewe. Tuma kiasi kidogo kwanza, futa pochi, uirudishe kwa maneno yako, uone kama makuta iko. Na mtu akikupigia simu kujifanya wa kampuni, akuombe hayo maneno, usimpe: kampuni ya kweli haiyaombi.