Kishika Uchumba cha Gari: Sheria ya Miaka 1,500 Tuliyoirithi Nusu

Kuna maneno matatu ambayo yamewatoa watu machozi kwenye yadi za magari: "Kishika uchumba hakirudi."

Mtu kajibana miaka miwili, kakopa kidogo kwa shangazi, kapeleka milioni tatu yadi ili wamshikie gari. Wiki mbili baadaye anaambiwa gari imeshachukuliwa na mwingine. Akidai hela yake, anaoneshwa mstari mdogo chini ya risiti: malipo hayarudishwi. Hapo ndipo kelele zinaanza, namba inapigwa bloku, na polisi anamwambia hiyo ni kesi ya madai, nenda mahakamani.

Wengi wanadhani huo mstari mdogo ni ujanja wa wafanyabiashara wa leo. Si kweli. Ni sheria ya zamani sana, kuliko hata gari yenyewe. Ila tatizo ni kwamba ilipofika kwetu ilifika nusu.

Tuanze na neno. Mtaani tunasema kishika uchumba, kwenye makaratasi wanaandika malipo ya awali, lakini Kiswahili cha pwani kina jina lake la siku nyingi: arubuni. Ni hela inayotangulizwa ili biashara isiende kwa mwingine. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na lina ndugu kwenye Kiebrania na Kigiriki, maana wafanyabiashara wa Bahari ya Kati walilibeba kila walikotia nanga. Na cha kuchekesha, kwenye Kiswahili hicho hicho tuna kitenzi kurubuni, yaani kumlaghai mtu kwa maneno matamu. Aliyewahi kukaa ofisini kwa dalali akipewa soda ya baridi anajua hayo maneno mawili yanakaa jirani.

Moja ya stori za kale zaidi za dhamana iko kwenye kitabu cha Mwanzo, sura ya 38. Yuda anamuahidi mwanamke mwana-mbuzi, mwanamke anamuuliza: utaniachia nini mpaka umlete? Yuda anaacha muhuri, kamba na fimbo yake. Mbuzi alipopelekwa, mwanamke hakuonekana. Baadaye vile vitu ndivyo vilivyomuumbua Yuda mbele za watu. Neno la Kiebrania la hiyo dhamana ni ndugu wa arubuni yetu. Somo lake liko wazi: dhamana inayoachwa ni ushahidi, na ushahidi unaweza kumgeukia aliyedhani hataguswa.

Sasa tuje Roma, maana hapa ndipo penyewe. Mwaka 533, Kaisari Justinian alitoa kitabu cha sheria kwa ajili ya wanafunzi wa sheria. Ndani yake kuna kanuni ya hela ya kutanguliza. Mnunuzi akighairi, hela yake inapotea. Na muuzaji je? Muuzaji akighairi, anarudisha mara mbili. Umechukua 3, unarudisha 6. Kanuni haikumpendelea mtu, kila upande ulikuwa na cha kupoteza. Wafaransa walipoandika sheria yao ya kiraia mwaka 1804, waliibeba kanuni hiyo hiyo: mnunuzi anapoteza, muuzaji anarudisha mara mbili.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walibishana sana juu ya jambo hili. Wengi wao waliikataa arubuni isiyorudi, hoja yao ikiwa kwamba muuzaji anakula mali ya mtu bila kumpa chochote. Wafuasi wa Imam Ahmad bin Hanbal wakairuhusu, wakitegemea stori ya nyumba moja ya Makka. Inasimuliwa kwamba Nafi', aliyekuwa msimamizi wa Makka chini ya Khalifa Umar, alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya ili iwe gereza. Sharti likawa: Umar akiridhia, biashara imekamilika, akikataa, Safwan anabaki na dirhamu 400. Mwaka 1993 jopo la kimataifa la wanazuoni wa fiqhi liliiruhusu arubuni, lakini kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwekwe wazi. Yaani hakuna kukaa na hela ya mtu "mpaka tutakapokujulisha".

Waingereza ndio walioleta toleo tunalolitumia sasa. Mwaka 1884 mahakama ya rufani huko London iliamua kesi ya Howe na Smith. Mnunuzi alitanguliza pauni 500 kwenye mali ya pauni 12,500, akachelewa kumalizia, mwenye mali akauza kwa mwingine. Mnunuzi akadai pauni zake 500. Akakosa. Majaji wakasema hela ile ilikuwa dhamana kwamba atatimiza ahadi, na yeye ndiye aliyeshindwa.

Kesi hiyo inapendwa sana na wenye yadi, hata wale ambao hawajawahi kuisikia. Lakini isome vizuri: aliyepoteza ni mnunuzi ALIYESHINDWA kutimiza. Haisemi muuzaji akiuza gari yako kabla ya siku mliyokubaliana anabaki na hela. Tena mwaka 1939 ikaja kesi nyingine huko huko Uingereza, ya mnunuzi wa bunduki na risasi aliyelipa pauni 100,000 kati ya 270,000 kisha akashindwa kuchukua mzigo. Mahakama ikaamuru arudishiwe, baada ya kukata fidia waliyokubaliana, kwa sababu zile zilikuwa sehemu ya bei na si dhamana. Kwa hiyo kwenye sheria kuna hela za aina mbili: dhamana, na sehemu ya malipo. Risiti nyingi za yadi hazisemi ni ipi, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Sheria hizo zilifika kwetu na ukoloni, nyingine zikipitia India, na baada ya hapo tukaendelea nazo. Mpaka leo sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zina kifungu cha zamani kinachosema mauziano ya kuanzia shilingi 200 yanahitaji maandishi, au mnunuzi awe ameshapokea bidhaa, au awe ametanguliza kitu cha kufunga biashara. Shilingi 200 siku hizo ilikuwa hela ya maana. Leo haikufikishi hata kituo cha pili cha daladala. Lakini wazo lake ni zito: ukitoa hela ya kutanguliza, biashara imefungwa kwa pande ZOTE. Muuzaji naye kafungwa.

Basi ilikuwaje yadi zikabaki na nusu moja tu?

Jibu liko kwenye jinsi gari zilivyotufikia. Enzi za Ujamaa, kupata gari Tanzania ilikuwa shughuli ya kibali na foleni; Peugeot 504 au Datsun ya mtu ilijulikana mtaa mzima. Biashara ikalegezwa, na chini ya Mzee Ruksa, kati ya 1985 na 1995, milango ikafunguka. Wakati huo huo Japani ilikuwa na gari nyingi za kutoa. Kule gari mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama inawafanya wengi wauze mapema. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, hivyo gari inashuka bandarini Mombasa au Dar tayari kuingia barabarani. Kenya ikaweka kikomo cha miaka minane, Tanzania ikaruhusu kuukuu zaidi lakini kwa ushuru wa ziada.

Kuanzia hapo kishika uchumba kikabadilika tabia. Zamani ulitanguliza hela kwa kitu ulichokiona na kukigusa. Sasa unatanguliza kwa gari iliyo melini, kwa picha kwenye simu. Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anaijua gari, mnunuzi haijui, na pengo hilo linaharibu soko zima. Majarida matatu yalilikataa andiko lake. Mwaka 2001 likamchangia kupata Tuzo ya Nobel. Ongezea kwenye pengo hilo bahari, dola inayopanda na ushuru unaobadilika, utaelewa kwa nini anayeshika hela ndiye anayeamuru.

Yadi nyingi hazidhulumu, na wenye yadi nao wana kilio chao. Mteja anashikiwa gari mwezi mzima, wengine wanafukuzwa, kisha anapotea kimya. Dhamana inamlinda muuzaji dhidi ya mtu wa namna hiyo, na ni haki yake. Lakini muuzaji anapopata bei nzuri zaidi akauza, akamwambia wa kwanza "chagua nyingine, hela hairudi", huyo ameshika kanuni ya Justinian kwa mkono mmoja. Mwenzake akighairi anaadhibiwa, yeye akighairi anapata faida.

Nusu iliyopotea inaweza kurudishwa kwa mistari minne ya mkono kwenye karatasi moja. Namba ya chesisi, ili gari isibadilike njiani. Tarehe ya mwisho, kama wanazuoni wa 1993 walivyotaka. Neno moja linalosema hii ni dhamana au ni sehemu ya bei. Na mstari wa Roma: mnunuzi akighairi anapoteza, muuzaji akighairi anarudisha mara mbili. Hela ipite benki au kwenye simu kwa jina la kampuni, si kwa namba ya "kijana wetu".

Ikishindikana, si lazima uende na wakili wa bei mbaya. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021 kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Tanzania kuna mahakama za mwanzo, ambako watu hujisemea wenyewe.

Muuzaji anayekusudia kukupa gari hana cha kuogopa kwenye mstari wa mara mbili. Mwambie auandike, kisha mwangalie usoni. Akikataa, hela bado iko mfukoni mwako.