Kisolo: toka mashimo ya udongo mpaka ndani ya telefone

Kisolo hakihitaji sanduku. Mtu anachimba mashimo kwa kidole au kwa kijiti, safu nne, mara nyingi saba kwa saba, anaokota mbegu au mawe madogo, na mchezo umekwisha kuwa tayari. Jioni mvua ikinyesha, mashimo yanajaa maji; kesho yake yanachimbwa mengine. Ndiyo maana mchezo huu uliweza kufuata watu waliotoka kwao bila kitu mkononi. Waliokimbia Mitwaba, Pweto na Manono katika miaka ya vita waliacha vitanda, mbuzi na mashamba, lakini kisolo kilikuwa kichwani.

Siku hizi mtoto wa Katuba au wa Ruashi anayetaka kucheza anainama juu ya telefone. Kati ya michezo aliyonayo, upo mmoja ambao babu yake angeutambua nusu. Namna mchezo wa udongo ulivyoingia ndani ya kioo ni historia ndefu kuliko watu wanavyodhani, na ndani yake kuna swali ambalo halijapata jibu: kilichoingia ni kisolo chenyewe, au ni jina na sura tu?

Tuanze mbali kidogo. Kisolo ni mchezo wa Waluba, wa Wasongye na wa Walulua, na ndugu zake wamejaa bara zima. Upande wa Zambia wanakiita chisolo. Rwanda wana igisoro, Uganda wana omweso, na pwani ya Waswahili kuna bao, ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe alilicheza. Kanuni ni mbalimbali, lakini mwendo ni mmoja: unachota mbegu zote za shimo moja, unazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, na pale mbegu ya mwisho inapoangukia ndipo unajua kama umekula au umelala.

Kwa Wakuba wa Kasai, mchezo huu uliingia katika historia ya wafalme. Mapokeo yao yanamtaja Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa karne ya 17, kuwa ndiye aliyeleta mambo mengi katika nchi yake, na mchezo wa mbegu ukiwamo. Sanamu yake ya mti inamwonyesha ameketi, na mbele ya miguu yake kumechongwa ubao wa mashimo. Emil Torday, Mhungaria aliyezunguka Kasai kati ya 1907 na 1909, aliichukua sanamu hiyo, na leo iko London katika British Museum. Wafalme wengine walichongwa wakiwa na ngoma au alama nyingine ya utawala wao. Huyu alichagua mchezo.

Waluba nao walikuwa na ubao mwingine, lukasa, wenye shanga na misumari. Lukasa haikuwa ya kuchezea. Wana Mbudye, wale waliotunza habari za wafalme, walipitisha kidole juu ya shanga na kusimulia: huyu alitoka huku, akavuka mto ule, akakutana na fulani. Ubao ulikuwa mmoja, lakini masimulizi yaliweza kubadilika kufuatana na nani anasimulia, nani anasikiliza, na jambo gani limewaleta watu pamoja. Ni vizuri kukumbuka hilo kabla ya kuamini kwamba hadithi inayobadilika kwa chaguo la mtu ni uvumbuzi wa Ulaya.

Kwani Ulaya nayo ilifika hapo, kwa njia yake. Katika 1982, Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walitoa kitabu kinachoitwa The Warlock of Firetop Mountain. Kina vipande 400 vyenye namba. Msomaji hasomi toka mwanzo mpaka mwisho: anafika njia panda, anachagua kushoto au kulia, na kitabu kinamtuma kwenye namba nyingine. Akikutana na jitu anatupa dadu, anaandika nguvu zake kwa kalamu ya risasi. Wasomaji wa Kifaransa walikipata kwa Gallimard, na vitabu vya aina hiyo vikajulikana kwa ahadi yao kwamba shujaa ni wewe unayesoma.

Miaka miwili tu baadaye, 1984, jina la kitabu hicho liliwekwa juu ya mchezo wa kompyuta ndogo ya ZX Spectrum. Wanunuzi walikuta njia za kukimbia na wadudu wa kupiga. Zile chaguo, ambazo ndizo zilikuwa kitabu, hazikuwamo. Ilichukua karibu miaka 30 mpaka watu wa kampuni ya inkle, huko Cambridge, wakachukua vitabu vingine vya Steve Jackson, Sorcery!, na kuvitoa kwa telefone katika 2013 wakiwa wameviheshimu: ramani ipo, maneno yapo, na kila chaguo linakumbukwa na kurudi mbele ya safari. Mwandishi mwingine, Joe Dever, yule wa Loup Solitaire, alikubali katika 1999 vitabu vyake viwekwe kwenye intaneti bure. Aliweza kukubali kwa sababu vilikuwa vyake, jina lake liko juu ya jalada.

Kisolo hakina jalada, na hapo ndipo njia zinaachana.

Mchezo wa mbegu uliingia katika kompyuta mapema kuliko vitabu hivyo, ila haukuingia kwa mlango wa Afrika. Mmarekani mmoja, William Julius Champion, alitengeneza mchezo akauita Kalah, wenye safu mbili za mashimo sita na ghala moja kila upande. Katika miaka ya 1950 alipata hati ya serikali ya Marekani ya kulinda ubao wake, akafungua kampuni ya kuuza. Mawazo ya mchezo yalikuwa ya kale, lakini karatasi ilikuwa na jina la Champion. Na kwa kuwa kanuni za Kalah ni chache na ziliandikwa wazi, wataalamu wa kompyuta walizipenda. Katika miaka ya 1960 Kalah ilikuwa tayari inachezwa na mashine za vyuo vikuu vya Marekani na Uingereza, wakati ambapo Katanga ilikuwa inatoka katika vita vya kujitenga na Elisabethville inangoja kuitwa Lubumbashi.

Kutoka hapo haikurudi nyuma. Katika 2000, watafiti watatu, Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, waliimaliza Kalah kwa kompyuta: wakaonyesha kwamba kwenye ubao wa mashimo sita wenye mbegu nne kila shimo, anayeanza anashinda asipokosea. Katika 2002, huko Amsterdam, John Romein na Henri Bal walitumia vichwa vya kompyuta 144 kupitia hali zaidi ya bilioni 889 za awari, mchezo wa Afrika ya Magharibi, na jibu likawa sare. Bao la Waswahili halijamalizwa hivyo. Lina mashimo 32 na mbegu 64, na mbegu ulizokula hazitoki nje, unazipanda upya upande wako, basi mwendo mmoja unaweza kuzunguka na kuzunguka. Alex de Voogt, aliyeandika kitabu chake Leiden katika 1995 baada ya kukaa na mabingwa wa Zanzibar, alistaajabia namna wanavyoona mzunguko huo wote kichwani kabla mkono haujagusa kitu. Mzee akichoka, ataamua mwendo umekwisha. Kompyuta haichoki, lazima mtu aiambie ikome wapi, na mtu huyo lazima awe ameuliza wazee.

Mwaka ule ule wa 2000, Nokia ilitoa telefone yake 3310. Watu wengi wa Lubumbashi wanaikumbuka, ile nzito isiyovunjika hata ikianguka kwenye sima. Ndani yake kulikuwa na michezo minne. Nyoka anajulikana na wote. Mwingine uliitwa Bantumi. Jina linasikika kama Bantu, na sura yake ni mashimo na mbegu. Zaidi ya telefone milioni 100 za aina hiyo ziliuzwa duniani, maana yake mchezo wa mbegu haujawahi kusafiri mbali hivyo tangu uanze.

Lakini mtu anayejua kisolo akifungua Bantumi anakuta Kalah. Safu ni mbili, si nne. Kuna ghala la kukusanyia mbegu, na mbegu ya mwisho ikianguka katika ghala lako unacheza tena. Wakulima wawili wanaopanda, wanaoshambuliana katika safu za mbele na kuficha mali katika safu za nyuma, hawamo. Safu ya nyuma ndiyo akili ya kisolo na ya bao: ndiko unakotunza kile adui asichofikia kwa urahisi. Kuiondoa ni sawa na ile kazi ya 1984, ya kuchukua jina la kitabu na kuacha njia panda zake.

Kuna jambo lingine lisilopendeza kusemwa. Katika miezi hiyo hiyo ya 2000, bei ya tantale ilipanda kwa kasi, kwa sababu telefone na michezo ya video ilitengenezwa kwa wingi, na tantale inatoka katika koltani. Koltani ilichimbwa Kivu chini ya bunduki, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya hilo katika 2001. Haiwezekani kusema telefone ipi ilibeba mawe ya kijiji kipi. Ila familia zilizohama makwao wakati ule zilikuwa upande mmoja wa biashara, na Bantumi ilikuwa upande wa pili, imewekwa bure kama zawadi ya mnunuzi. Leo ni zamu ya kobalti ya Kolwezi na Likasi katika betri.

Kwa nini haya yawahusu watu wenye shida ya nyumba na chakula? Kwa sababu kanuni za kisolo zinaishi katika vinywa vya wazee, na kila fasi ina zake. Huku wanaanza na mbegu tatu kila shimo, kule wanaacha mashimo mengine wazi. Kijiji kikitawanyika, kanuni hutawanyika nacho. Mtoto aliyezaliwa Lubumbashi kwa wazazi waliotoka kaskazini atajifunza ile iliyo katika telefone, kwa sababu telefone haimwambii angoje mpaka babu aamke.

Na historia ya mji huu ina somo gumu juu ya kutawanyika. Katika 1992 na 1993, Wakasai kwa maelfu mengi walifukuzwa Katanga, na huko Likasi familia zilikaa kwenye gare kwa wiki na miezi zikingoja treni. Watu walihesabiwa kwa asili ya wazazi wao. Mchezo wa mbegu uko pande zote mbili za reli hiyo, kwa Waluba wa Katanga na kwa Waluba wa Kasai, na wanauita kwa jina moja. Hakuna programu ya telefone iliyoweza kubuni hicho.

Programu za bao zipo sasa, unaweza kuzipakua, na nyingine ni nzuri. Vijana wanaojua kuandika programu wapo Lubumbashi pia, na kisolo si kazi kubwa kwa kompyuta: mashimo 28 na kuhesabu. Nchi nyingine zimekwisha kutunza yao. Kazakhstan, Kirgizstan na Uturuki ziliandikisha michezo yao ya mbegu katika orodha ya UNESCO katika 2020, na zilipofanya hivyo kanuni zilikuwa zimeandikwa tayari.

Kuandika hakungojei pesa za mradi. Kunataka daftari, au telefone yenye kurekodi sauti, na mzee mwenye nafasi mchana mmoja. Aulizwe: kwenu mashimo ni mangapi? Mnaanza na mbegu ngapi, na mashimo yapi yanabaki wazi? Mnapanda kwenda upande gani? Ukila, mbegu zinakwenda wapi? Mwendo ukizunguka bila kuisha, nani anasema basi? Mwanamke anacheza, mtoto anacheza, au ni wanaume peke yao? Na mnasema maneno gani mnapomcheka aliyeshindwa? Mzee wa Mitwaba na mzee wa Kabinda wakikosa kupatana, ziandikwe kanuni zote mbili, kila moja kwa jina la fasi yake.