Jina lako lina herufi maalum? Namna ya kuziandika kwenye simu

Kidinka huandikwa kwa herufi ŋ, ɛ, ɔ na ɣ, na nukta mbili juu ya baadhi ya irabu, kama ä na ë. Majina mengi ya Kongo na Burundi, kama Désiré au Noël, hufuata maandishi ya Kifaransa.

Kuzipata kwenye simu

Kwenye simu ya kugusa, bonyeza e na uishikilie. Zitatokea é, è, ê na ë. Sogeza kidole hadi unayotaka, kisha uachie. Kwa ŋ au ɛ, fungua mipangilio ya kibodi uone kama lugha yako imo. Ikiwa haimo, nakili herufi hizo kutoka ukurasa huu na uzibandike unapoandika.

Usiweke tarakimu 3 mahali pa ɛ. Atakayetafuta jina lako kwenye kompyuta huenda asilipate.

Fomu na hati

Andika jina kama lilivyo kwenye hati yako ya usajili, herufi kwa herufi. Deng kwenye fomu moja na Dëŋ kwenye nyingine wanaweza kuchukuliwa kuwa watu wawili. Ikiwa hati ina kosa, omba marekebisho kwenye ofisi ya usajili. Usijirekebishie mwenyewe kwenye fomu.

Kwenye pasipoti, mistari ya chini inayosomwa na mashine huandika herufi za jina kwa A hadi Z pekee, hivyo Ë huandikwa E. Hilo si kosa.

Gharama ya SMS

SMS moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ukiweka ŋ, ɛ au ë hata mara moja, nafasi hupungua hadi 70. Ujumbe wa herufi 100 utatumwa kama SMS mbili, na unaweza kulipia zote mbili. Hata alama ya ng’ombe, ikiwa imepinda (’), huleta hali hiyo hiyo. Tumia iliyonyooka ('). Herufi é na è hazipunguzi nafasi.

Herufi za mapambo

Herufi kama 𝓐 na 𝓑 hupendwa kwenye mitandao, lakini simu nyingine huzionyesha kama vijisanduku vitupu, na programu zinazowasomea wasioona hushindwa kuzisoma vizuri. Usizitumie kwenye barua ya kuomba kazi, ombi la shule wala tangazo la kumtafuta ndugu.