Noti ya milioni tano: Katanga ilitufundisha nini juu ya kutayarisha nyumba

Nkambo wangu mwanamuke anachunga noti moja ya zamani mu Biblia yake. Juu yake imeandikwa zaire milioni tano. Wakati tulikuwa watoto tulikuwa tunaishika kwa mikono miwili, tukizania kwamba familia yetu ilikuwa tajiri zamani. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakuitumia. Alicheka kidogo, akasema: «Hii? Ku soko balikuwa banaikatala. Bantu balikufa juu ya hii noti, na mwisho ikabakia picha tu.»

Bandugu na wenzangu wa masomo, siku hizi kila mtu anaongea juu ya kujitayarisha: vita, bei ya dola, mvua isiyoeleweka. Wengi wanatafuta mashauri ya mbali, ya watu wanaojaza mikebe ya chakula chini ya nyumba zao. Mimi nilisoma mambo ya udongo na mbegu, si historia. Lakini naona kwamba sisi watu wa Katanga tuko na somo letu wenyewe, na tulilipa bei kali juu yake. Feza ikikufa na mvua ikakosa mwaka uleule, ni nyumba gani inabakia imesimama?

1. Kazi njo baba, njo mama

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka wa 1906, na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Mwanzoni wafanyakazi walikuja kwa muda mfupi, wakimaliza wanarudi kwao. Mwisho wa miaka ya 1920 kampani iligeuza mpango: mfanyakazi alete bibi yake, akae mu kambi, azalie watoto pale. Kampani ikatoa nyumba, hospitali, masomo, na posho ya chakula. Ni mu maisha yale watu walianza kusema: kazi njo baba, njo mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa chuo kikuu cha Lubumbashi, aliandika historia ya familia zile. Kitabu chake kimoja kinaitwa «Bana Shaba abandonnés par leur père», maana yake watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina la kitabu linatosha.

Nikiangalia kambi ile kwa macho ya mtu wa kilimo, naona nyumba yenye ghala moja, na ufunguo wake uko mu mkono wa mtu mwingine. Ghala likijaa, hakuna anayeuliza. Lakini alama ya hatari ilionekana mapema. Mwanzo wa miaka ya 1930, wakati bei ya shaba ilianguka mu dunia nzima, kampani ilifukuza wafanyakazi kwa maelfu. Wengi walirudi mu vijiji vyao, wakakuta mashamba ya wazazi bado yako. Wajukuu wao, waliozaliwa mu kambi, hawakukuwa tena na pa kurudi.

2. Namna ukuta ulivyoanguka

Mwaka wa 1967 Serikali ilichukua kampani, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka uleule zaire ilizaliwa kama feza mpya, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili. Ndiyo, dola mbili! Kisha mambo yakafuatana. Mwezi wa 11 mwaka wa 1973, zairianisation iliwapa watu wa siasa na rafiki zao maduka na mashamba ya wageni, na mengi yakafa mikononi mwao. Mu 1974 na 1975 bei ya shaba ilianguka. Mwezi wa 12 mwaka wa 1979, Serikali ilitangaza kwamba noti za zaire tano na zaire kumi hazina nguvu tena. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, na kwa kipimo.

Nkambo wangu mwanaume alikuwa fundi mu karakana moja pale Likasi. Akiba yake ilikuwa mu godoro, yote mu noti za zaire kumi. Alipanga mstari siku mbili, akarudi na sehemu ndogo. Tangu siku ile hakuchunga tena noti: kila feza iliyobaki aliigeuza kitu. Alinunua mabati, kisha mashini ya kushona. Watu walimuita mchoyo.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 450 000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mgodi wa chini wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Mwezi wa 10 mwaka wa 1991, baada ya Kinshasa, Lubumbashi nayo iliporwa. Mu 1994 kampani haikufikisha hata tani 50 000.

Feza nayo ilikuwa inakimbia. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1993, askari walilipwa kwa noti ya milioni tano. Étienne Tshisekedi alikuwa ametangaza kwamba noti ile haina nguvu, na wachuuzi wakaikataa. Askari wakapora tena, wengi wakakufa. Mwezi wa 10 mwaka uleule zaire mpya ilitokea: moja kwa milioni tatu za zamani. Kule Kasai watu waliikataa kabisa, wakaendelea na noti zao za zamani. Mu 1998 ikafuata franga ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100 000. Fanya hesabu mwenyewe: ile franga moja ilikuwa sawa na miliari 300 za zaire ya kwanza. Mtu aliyeweka akiba yake mu noti tu hakubakia na kitu.

Na mvua? Msimu wa 1991-1992, ukame mkubwa ulipiga Afrika ya kusini, na jirani yetu Zambia ndani yake. Siku nyingi mahindi yetu yanategemea barabara ya Zambia. Kwa hiyo mu miezi ileile, mshahara ulikufa na bunga ikawa nadra. Ndiyo sababu mimi sitenganishi uchumi na mvua. Sahani yetu ni moja, na mambo yote mawili yanaigusa.

3. Jembe la haya

Nkambo mwanamuke alianza shamba nje ya Likasi mu mwaka wa 1988, wakati mshahara ulikuwa bado unaingia lakini unafika nusu ya mwezi tu. Nkambo mwanaume alikasirika. «Bibi ya mutu ya kazi ashike jembe? Bantu batasema nini?» Yeye akamjibu: «Bantu baseme. Mi niko nalima.» Alipanda mahindi, kandokando yake viazi vitamu, na nyuma mihogo mingi.

Hakujua neno la chuo hata moja, lakini mpango wake ulikuwa sawasawa. Kwetu mahindi yanapandwa mvua ikianza, karibu na mwezi wa 11, na kuvunwa karibu na mwezi wa 4. Mvua ikikatika wiki mbili au tatu wakati wa kutoa maua, mavuno yanapungua sana, na hakuna msimu mwingine wa kujaribu. Miezi ya 1 mpaka ya 3 ni miezi ya njaa, juu ghala la mwaka uliopita limeisha. Viazi vitamu vinakomaa mu miezi minne au mitano, na majani yake tunakula. Muhogo unakaa mu udongo mwaka mzima na zaidi, unang'oa unapotaka. Hakuna askari anayeweza kupora shamba la mihogo kwa usiku mmoja. Na sombe iko pale kila siku.

Lakini nitaongeza hatari moja: mihogo michungu ina sumu, inaomba kuloweshwa siku tatu ao nne. Mu njaa watu wanafupisha siku. Kule Bandundu njia hiyo fupi ilileta konzo, ugonjwa unaolemaza miguu maisha yote. Kwa hiyo kujitayarisha ni pia kujua kupika kile ulichokiweka.

Nyumba ile ilikula. Haikula vizuri, lakini ilikula: shamba upande mmoja, mashini ya kushona upande mwingine, na mshahara ukifika, ulifika kama zawadi.

4. Jirani

Kuna sehemu ya hadithi ambayo Nkambo haisemi kwa urahisi. Aliyemfundisha kuchanganya bunga ya mihogo na ya mahindi ili mfuko udumu ni mama jirani, mtu wa asili ya Kasai. Kule kwao bukari inapikwa vile. Mu 1992, wakati wanasiasa walianza kusema kwamba taabu yote ni kosa la watu wa Kasai, Likasi iliwafukuza. Maelfu walilala ku gare miezi na miezi wakingoja treni, na wengi walikufa pale, watoto kwanza. Mama yule alikuwa kati yao. Nkambo alimpelekea bunga mara mbili. Mara ya tatu aliogopa macho ya watu, akabaki nyumbani. Hakujua kama alifika.

Naandika hili juu najua wengine watasema haliko mu kichwa cha makala. Liko. Njaa ikiingia mu mji, inatafuta mtu wa kushitaki, na anayeshitakiwa ni yule anayekaa karibu. Nyumba inayojitayarisha kwa bunga tu, bila kujitayarisha kukataa maneno ya namna ile, inaweza kushiba na kubakia na haya miaka thelathini.

5. Sisi wa leo

Msimu wa 2023-2024 ukame ulirudi. Zambia ilitangaza hatari ya taifa mwezi wa 2 mwaka wa 2024: kwa hekta milioni 2,2 za mahindi, karibu milioni moja ziliharibika. Kwetu bei ya mfuko wa kilo 25 ilipanda, hata kwa wale wanaolipwa dola mu migodi. Miaka thelathini imepita na barabara ni ileile.

Kwa hiyo naomba tufanye hesabu ndogo. Mtu mmoja anaomba karibu gramu 400 za nafaka kwa siku. Nyumba ya watu sita: kilo 2,4 kwa siku, kilo 72 kwa mwezi, maana yake karibu mifuko mitatu. Akiba ya miezi mitatu ni mifuko tisa. Usiweke bunga, inaharibika upesi, weka punje. Nunua mwezi wa 5 ao wa 6, wakati bei iko chini. Kausha mpaka punje ivunjike kwa sauti ukiiuma. Jaza bidoni kavu mpaka juu, funga isiingie hewa: wadudu watakosa hewa na kufa. Mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba apande mistari miwili ya viazi vitamu na mihogo mitamu. Feza usiiweke mahali pamoja: sehemu franga, sehemu dola, sehemu chombo cha kazi. Na likelemba ya watu kumi wanaoaminiana usiidharau, bora iwe na watu wa makabila mbalimbali.

Najua ni nini kinatuzuia. Wengi wetu, na mimi ndani, tumemaliza lisansi na tunangoja kazi ku kampani ya mgodi ao ku shirika la misaada. Tukiipata, tutafurahi, na ni haki. Lakini tunaingoja vile babu zetu walivyoingoja posho, na jembe tunaliona kama haya. Mwaka uliopita rafiki mmoja aliniuliza kama ni kweli, na diploma yangu, niko nalima mihogo mwenyewe. Nilimjibu neno la Nkambo: bantu baseme.

Wikendi hii nitarudi Likasi kumsaidia kuvuna. Kabla ya kuenda, nauliza kila mmoja wenu swali moja, na ajibu kwa ukweli: mshahara ukikosa leo mu nyumba yenu, mtakula siku ngapi, na jirani yenu atakula siku ngapi?