Betty Carter: Sauti Iliyokataa Kuuzwa

Lillie Mae Jones alizaliwa Flint, Michigan, mwaka 1929, akakulia Detroit, ambako alijifunza piano. Miaka hiyo vijana weusi wa miji ya Marekani walikuwa wamepagawa na mtindo mpya wa jazi uitwao bebop. Ulikuwa muziki wa kasi, wa bendi ndogo, ambamo mpigaji huuchukua wimbo unaojulikana na kuubunia sauti mpya papo hapo. Charlie Parker, bingwa wa saksofoni, alipopita Detroit, binti huyo alipata nafasi ya kuimba naye jukwaani.

Mwaka 1948 akaajiriwa na Lionel Hampton, aliyekuwa na bendi kubwa na mashabiki wengi. Hampton alitaka nyimbo za kuchangamsha watu. Binti alitaka bebop. Wakagombana mara kwa mara, akafukuzwa na kurudishwa zaidi ya mara moja. Hampton ndiye aliyembandika jina Betty Bebop. Mwenyewe hakulipenda, lakini Betty likabaki, na akawa Betty Carter.

Mwaka 1951 aliiacha bendi, akahamia New York. Alipata sifa pana mwaka 1961, aliporekodi albamu na mwimbaji Ray Charles. Mlango ulikuwa wazi: angeimba nyimbo laini za mapenzi, apate fedha. Lakini uimbaji wake haukuwa wa kutuliza. Aliuvuta wimbo wa polepole hadi ukakaribia kusimama, kisha akaukimbiza ghafla. Aliimba nyuma ya mdundo, akaacha maneno na kubaki na silabi tupu, kana kwamba koo lake ni saksofoni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, roki ilikuwa imelitawala soko, na makampuni ya kurekodi hayakuona faida kwa mwimbaji wa namna hiyo.

Hapo ndipo alipochukua hatua iliyobadili maisha yake: alianzisha kampuni yake mwenyewe, Bet-Car. Santuri ya kwanza ya kampuni hiyo ilirekodiwa Mei 1970 katika Village Vanguard, klabu iliyo chini ya ardhi mtaani Greenwich Village, New York. Klabu hiyo ilifunguliwa na Max Gordon mwaka 1935, na wapiga saksofoni Sonny Rollins na John Coltrane walikuwa wamekwisha kurekodi humo. Ni chumba kidogo ambamo msikilizaji wa mbele hukaa hatua chache tu kutoka kwa mwimbaji. Betty alisindikizwa na watu watatu tu: piano, besi na dramu.

Kurekodi mbele ya watu kuna hatari zake. Studio humruhusu msanii kurudia mpaka aridhike. Klabuni kosa likitoka limetoka. Kwa Betty hatari hiyo ndiyo iliyokuwa uhai wa muziki. Aliwasikiliza wasikilizaji kama alivyomsikiliza mpiga dramu, akajua lini aongeze kasi na lini anyamaze. Ndiyo maana rekodi zake za jukwaani ndizo zinazomwonyesha vizuri zaidi.

Ushahidi mkubwa ulikuja Desemba 1979, katika ukumbi wa Great American Music Hall, San Francisco. Kutokana na maonyesho hayo Bet-Car ilitoa albamu ya santuri mbili, The Audience with Betty Carter. Wimbo mmoja humo unazidi dakika 25, urefu ambao kampuni kubwa isingeukubali kirahisi. Kwa kuwa kampuni ilikuwa yake, hakuwa na wa kumwomba ruhusa.

Bendi yake ikawa pia chuo. Aliajiri vijana, akawataka wabuni kila usiku, na alipoona wameiva aliwaachia waende zao. Wapiga piano Mulgrew Miller, Benny Green na Cyrus Chestnut walipitia mikononi mwake. Mwaka 1993 alianzisha mafunzo ya wanajazi chipukizi yaitwayo Jazz Ahead.

Hatimaye kampuni ya kurekodi ya Verve ilimfuata yeye, ikazitoa upya santuri za Bet-Car, na albamu yake ya 1988, Look What I Got!, ikampa tuzo ya Grammy. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton alimtunuku Nishani ya Taifa ya Sanaa. Alifariki Septemba 1998, baada ya nusu karne ya kuimba bebop bila kuibadili ili imfae muuzaji.