Baba alikuwa mlango wa kazi

Wandugu wasomi, tunalalamika eti kazi inapita kwa jamaa, na CV tunazotuma kwa intaneti hazijibiwi. Tuangalie historia ya Katanga.

Kuanzia 1910, Bourse du Travail du Katanga ilitafuta watumikaji vijijini, mara nyingi kupitia machifu. Karibu na 1928, Union Minière ikageuza njia: mtumikaji akae kambini na bibi yake, watoto wasome masomo ya kampani, wakikomaa waingie kazi. Baba akawa mlango.

Halafu 2003, Gécamines, iliyorithi migodi ile, ikaachisha watumikaji zaidi ya 10,000. Mlango ukafungwa kwa baba na kwa mtoto.

Kwa hiyo tutume CV, tuombe hata wajomba, lakini tujue: aliye ndani naye anaweza kutolewa. Siku ile, mkono wako unajua kazi gani?