Mpaka kati ya Maji na Hewa: Historia ya Kufafanua Dutu Zisizochanganyika katika Programu za Uigaji, 1965–1992

1.0 Utangulizi

Mafuta yakimiminwa katika maji hujitenga, na jicho huona mara moja yanapoishia mafuta na yanapoanzia maji. Kompyuta haina jicho hilo. Programu ya uigaji hugawa nafasi katika visanduku vya gridi, na kila kisanduku hupewa densiti moja na mnato mmoja. Mpaka unapokatiza katikati ya kisanduku, huzuka swali: kisanduku hicho kina dutu gani? Insha hii inafuatilia majibu yaliyotolewa kati ya mwaka 1965 na 1992, na inadai kuwa kila jibu lilihifadhi ukweli mmoja kwa kuulegeza mwingine.

2.0 Dutu kama Kundi la Chembe

Mwaka 1965, Francis Harlow na J. Eddie Welch wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walichapisha mbinu ya alama na visanduku. Chembe zisizo na uzito zilitawanywa ndani ya kimiminika na kuchukuliwa na mkondo wake. Kisanduku kisicho na chembe kilihesabiwa kuwa kitupu. Chenye chembe na kilichopakana na kitupu kilihesabiwa kuwa cha usoni. Hivyo, dutu ilifafanuliwa kwa kuwapo kwa alama zake. Hata hivyo, mahali pa kila chembe palihitaji kuhifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta, nayo wakati huo ilikuwa haba. Aidha, mkondo uliponyoosha kimiminika kupita kiasi, chembe ziliachana, na kisanduku kilichostahili kujaa kikaonekana kitupu.

3.0 Dutu kama Namba Moja

Mwaka 1981, C. W. Hirt na B. D. Nichols, pia wa Los Alamos, walieleza mbinu ya ujazo wa kimiminika kwa upana. Badala ya chembe nyingi, kila kisanduku kilibeba namba moja: 1 kikiwa kimejaa, 0 kikiwa kitupu, na thamani ya katikati pale mpaka unapopita. Faida yake kubwa ni kwamba hesabu ikifanywa kwa uangalifu, ujazo haupotei.

Gharama yake ni kwamba namba hiyo hueleza kiasi tu, haielezi umbo. Kisanduku chenye 0.5 chaweza kuwa na maji chini na hewa juu, au maji kushoto na hewa kulia. Kwa hiyo mpaka ulipaswa kujengwa upya katika kila hatua ya muda. W. F. Noh na Paul Woodward walikuwa wamekwisha kutumia, mwaka 1976, mistari iliyo sambamba na pande za gridi. Mwaka 1982 David Youngs alitumia mistari ya mshazari, iliyokaribia zaidi umbo halisi.

Tatizo la sifa lilibaki. Maji yana densiti ya kilo 1,000 hivi kwa kila mita ya ujazo, na hewa kilo 1.2 hivi. Wastani wa nusu kwa nusu ni takriban kilo 500: dutu ambayo haimo katika maji wala katika hewa, bali imezaliwa na gridi.

4.0 Dutu kama Umbali

Mwaka 1988, Stanley Osher na James Sethian waliuwakilisha mpaka kwa seti ya pointi ambapo kazi fulani laini ni sawa na sifuri. Katika matumizi ya vimiminika, kazi hiyo huwa umbali kutoka mpakani, wenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. Mkunjo wa mpaka ukawa rahisi kukokotoa. Lakini ujazo uliweza kupungua kidogo kidogo, na tone dogo likatoweka pasipo kukauka.

Mwaka 1992, J. U. Brackbill na wenzake waligeuza mvutano wa uso kuwa nguvu iliyosambazwa katika ukanda mwembamba. Mvutano ukaingia katika milinganyo kwa urahisi, ila tone lililotulia likazungukwa na mikondo ya uongo pale mkunjo ulipokosewa.

5.0 Hitimisho

Mtumiaji anayejaza densiti mbili, mnato wa aina mbili na mvutano mmoja wa uso katika programu anarithi maamuzi haya yote. Anayeiga tangi la maji hawezi kupoteza ujazo. Anayeiga tone hawezi kupoteza mkunjo. Kufafanua dutu, basi, ni kuamua kwanza kosa lipi linaweza kuvumilika.